Pumzi Juu ya Mifupa Mikavu

Katika kazi yangu ya kufasiri, niliyojifunza bila mwalimu, halijapata kunisumbua neno kama neno moja la Kiebrania: ruah. Nabii Ezekieli alirudiarudia katika sura ya 37 ya kitabu chake, asimuliapo bonde lililojaa mifupa mikavu. Ni upepo, ni pumzi, tena ni roho. Kiswahili kina maneno yote matatu, wala hakina moja liyabebalo yote. Hata roho yetu, tuliyoipata kwa Waarabu, ni jamaa ya neno hilo.

Ezekieli alichukuliwa mateka Babeli mwaka 597 kabla ya Kristo. Miaka kumi na moja baadaye Yerusalemu ikabomolewa na hekalu likachomwa. Wenziwe wakajiona mifupa iliyokauka, watu waliopotelewa na tumaini. Nabii akawapa maono: mifupa ikasogeleana, ikavaa mishipa, nyama na ngozi, na bado ikawa maiti. Pumzi ilikuja kwa amri ya pili. Taifa laweza kurudishiwa viungo vyake vyote, lisiwe hai.

Maneno hayo yalivuka karne nyingi. Katika shairi lililochapishwa mwaka 1886, Naftali Herz Imber aliwajibu wale waliokata tamaa kwamba tumaini halijapotea. Shairi hilo ndilo lililozaa wimbo wa taifa wa Israeli. Naye Nahum Sokolow, alipofasiri riwaya ya Theodor Herzl ya mwaka 1902, aliiita Tel Aviv, jina la makao ya mateka yatajwayo na Ezekieli: tel ni kilima cha magofu, aviv ni majira ya machipuko. Jina la uhamishoni likaja kuwa jina la mji wa marejeo.

Lakini mwaka 1948, dola hiyo ilipozaliwa, Wapalestina wapatao 700,000 walipoteza makwao. Wako wasomao unabii wakakoma sura ya 37. Nawasihi wafike ya 47, nabii agawapo nchi: huko anaagiza kwamba mgeni akaaye humo, aliyezaa watoto humo, apewe urithi pamoja na wazawa. Ikiwa mgeni ana fungu, je, Mpalestina, ambaye si mgeni?

Ndiyo maana katika tafsiri yangu nimechagua pumzi. Upepo hupita, na roho kila mtu huiita yake; bali pumzi, niitoapo mimi, jirani yangu huivuta.