Ukimulika Nyoka

Toyota Altezza ilipata sifa duniani kwa taa zake za nyuma. Zile taa za uso mweupe zenye miduara myekundu ndani zilipendwa mpaka watengenezaji wa vipuri wakaanza kuuza za mtindo huo kwa magari ya kila aina, na watu wakaziita taa za Altezza hata pale ambapo Altezza yenyewe haikuwahi kuuzwa kwa jina hilo. Nje ya Japani ilijulikana kama Lexus IS.

Langu, la mwaka 2000, lilikuwa na taa nzuri sana za nyuma. Tatizo lilikuwa mbele.

Nililinunua Mwanza kwa fedha niliyodunduliza tangu nimalize chuo. Nisikudanganye, msomaji: sikulinunua kwa akili. Nilipokuwa mwaka wa pili kulikuwa na jamaa mmoja aliyekuwa akija nalo hosteli kila Ijumaa. Mlio wake ulisikika kabla hajakata kona, na sisi wengine tukajifanya tunasoma. Basi deni hilo nilikuwa najidai mwenyewe kwa miaka kumi. Mama alipoliona limeegeshwa nyumbani Tarime alilizunguka mara mbili, akainama kuchungulia uvungu, akasema, "Mwanangu, hili gari tumbo lake liko chini. Barabara zetu si unazijua?"

Ninazijua. Mimi ni mwandishi wa habari, nalipwa kwa habari inayotoka, na habari nyingi za huku haziko mjini. Ziko Sirari mpakani, ziko Nyamongo kwenye mgodi, ziko Mugumu na vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Serengeti, ambako tembo wakivuka usiku mtu anaamka hana shamba. Unaondoka asubuhi, unakaa na watu mpaka wakuamini, na wakishakuamini jua limeshazama. Nusu ya udereva wangu ni wa usiku.

Na usiku wa kati ya Mugumu na Tarime ni usiku kweli. Utakutana na bodaboda isiyo na taa imepakia watu watatu, ng'ombe waliochelewa kurudi zizini, wazee wenye makoti meusi wanaotembea katikati ya barabara kama yao. Ukishavuka Mto Mara unauona mwanga wa mgodi wa North Mara, umekaa juu ya vilima kama mji mkubwa. Ukiupita, giza linakuwa zito kuliko lilivyokuwa mwanzo.

Taa zangu zilikuwa na rangi ya chai ya mkandaa. Uso wa taa za magari ya umri huu si kioo, ni plastiki ngumu iitwayo policaboneti, ambayo kiwandani hupakwa utando mwembamba wa kuikinga na jua. Miaka ishirini ya jua utando unakwisha, plastiki inakuwa njano na ukungu juu yake. Ndani globu inaweza kuwa nzima kabisa, lakini mwanga unatoka kama unapita kwenye pazia.

Fundi wangu wa umeme, mwenye kibanda karibu na stendi, aliziangalia akasema, "Mura, hizi tunazisugua, nakuwekea waya mpya, tunapanga mwanga. Siku moja tu." Mura ni kijana kwa Kikurya, na huku hata ukiota mvi utabaki mura kwa aliyekuzidi umri. Nikamwambia sitaki kusuguliwa taa, nataka kuona. Nilikuwa nimeshaziona kwenye simu globu za LED, nyeupe pee, zenye feni ndogo nyuma. Niliagiza Dar kwa shilingi 90,000, zikaja na basi. Fundi akazifunga bila neno. Alipofunga boneti ndipo akasema, "Wewe utaona. Wenzako ndio sijui."

Nikaona kweli. Usiku wa kwanza niliona majani yaliyo kando ya barabara moja moja. Niliona mbuzi aliyefungwa uani kwa mtu. Nikajisikia kama nimenunua gari upya. Ila kila gari lililokuja mbele lilinipigia fulu, na mimi nilikuwa nimeshaweka dimu. Nikawa najisemea, hawa wana wivu.

Desemba iliyopita nilikwenda Mugumu kuandika habari ya mabinti. Kwa anayeijua Mara, Desemba haihitaji maelezo: shule zimefungwa, sherehe zinaandaliwa, na mabinti wasiotaka kukeketwa wanakimbilia nyumba salama. Nilizungumza na mmoja wao. Alikuwa ametembea usiku kucha peke yake. Nilimuuliza njiani aliogopa nini zaidi, nikitegemea aseme fisi.

"Taa za gari," akasema.

Kila zilipotokea alijilaza kwenye mihogo mpaka zipite, kwa sababu hakuweza kujua nyuma yake kuna nani: dereva wa mchanga, polisi, au baba yake mdogo. Niliandika maneno yale kwenye daftari nikapiga mstari chini. Nilijua hapo hapo ndiyo sentensi ya kwanza ya habari yangu. Kusema kweli, wakati ule sikuwaza zaidi ya hapo. Niliwaza sentensi.

Dada yangu ameolewa Mugumu. Kabla sijaondoka alinipakilia magunia mawili ya mahindi kwenye buti, nikashika njia saa moja na nusu usiku.

Ilitokea nikiwa nimeshaipita Nyamongo, kwenye mteremko. Mzee alikuwa anakuja kwa baiskeli upande wake. Nilimwona vizuri mno: kofia, koti, mkungu wa ndizi kwenye keria, hata ule mpira mweusi alioufungia. Nikaona anainua mkono kuziba macho. Halafu hakuwepo.

Nilisimama mbele kidogo nikarudi kwa miguu na kitochi changu, ile simu ndogo ambayo wenzetu ng'ambo ya mpaka huiita mulika mwizi. Alikuwa mtaroni, amekaa, baiskeli imemlalia mguu.

"Shikamoo, tata."

"Marahaba." Aliitikia vizuri tu, kama tumekutana mnadani. "Ni gari, au ni nini hicho?"

"Ni gari. Umeumia, tata?"

"Goti. Barabara ilikwisha, mwanangu. Ilikuwepo, halafu nikaona nyeupe, barabara hakuna."

Nikamtoa baiskeli mguuni. Rimu ya mbele ilikuwa imepinda kama nane. Tulipokuwa tunaokota ndizi aliniuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua tu:

"Na wewe, uliniona?"

"Nilikuona vizuri kabisa."

Akanyamaza kidogo. "Basi angalau mmoja wetu alikuwa anaona."

Hakusema jambo lingine kuhusu ajali mpaka tunaachana. Baiskeli haikuingia kwenye Altezza, tukaiacha kwenye nyumba ya jirani. Tulipita zahanati akasafishwa goti, nikampeleka kwake. Nilipoingia uani taa zangu ziliwaka nyumba nzima, na watoto waliokuwa wanakula nje wakaziba nyuso kwa mikono yenye ugali. Nikazima. Tulimshusha babu yao gizani.

Asubuhi nilikuwa kibandani kwa fundi kabla hajafungua. Nikamweleza. Hakunicheka. Aliliweka gari mita kumi kutoka kwenye ukuta wa ghala lililo nyuma ya kibanda, ndani kuna kigiza, akawasha dimu.

"Tazama."

Dimu ikiwa sawa huchora mstari ukutani: chini mwanga, juu giza, na upande wa kushoto mstari unapanda kidogo ili kumulika ukingo wa barabara. Yangu haikuwa na mstari. Mwanga ulikuwa umemwagika ukuta mzima mpaka kwenye bati, kama maji ya kudekia. Fundi akanieleza taratibu. Kile kibakuli kinachong'aa ndani ya taa kimetengenezwa kwa ajili ya uzi mdogo wa globu ya halojeni, unaowaka mahali pamoja tu. Chipu za LED zimekaa kwenye ubao, zinarusha mwanga pande mbili, na zikikosea kidogo tu mahali pa uzi kibakuli kinautupa mwanga kisikotakiwa. Anayetaka LED kweli anunue taa nzima iliyotengenezwa kwa LED, au ya projekta, yenye kizuizi chake ndani. Na asichukue ya mtumba kutoka Dubai, maana kule wanaendesha kulia, taa zao zinapanda kulia. Ukizifunga huku unammulika anayekuja.

Halafu akauliza, "Jana ulibeba nini?"

Nikamwambia magunia mawili. Akatikisa kichwa. Buti likishuka, pua inainuka, na taa inainuka nayo. Kwa hiyo yule mzee alipata mwanga mbovu, ulioelekezwa vibaya, kutoka kwenye gari lililoinua uso.

Tulifanya alichosema siku ya kwanza. Alisugua taa kwa msasa na maji, namba 800, kisha 1000, kisha 2000, mpaka zikawa nyeupe kama maziwa na mimi nikaogopa kwamba zimeharibika. Akazing'arisha, zikawa maji. Akazipaka kinga mpya, kwa sababu bila hiyo jua linazirudisha zilikotoka ndani ya miezi. Akarudisha globu za halojeni za wati 55. Nikamwuliza vipi za wati 100, akasema hizo zitaunguza waya kwanza ndipo ziangaze barabara.

Kilichonishangaza ni waya. Alipima betri injini ikiwaka: volti 14. Akapima kwenye globu: hazikufika 12. Umeme ulikuwa unazunguka mpaka kwenye swichi ya usukani kupitia waya za miaka ishirini na eathi yenye kutu, ukifika mbele umechoka. Na globu ya halojeni haisamehe: volti zikipungua asilimia 10, mwanga unapungua kama asilimia 30. Aliweka rilei mbili, akavuta waya nene kutoka betri, akasugua eathi. Alipowasha, taa zilezile za kiwandani ziliwaka kama sijawahi kuziona. Kazi yote shilingi 45,000, nusu ya bei ya zile globu.

Mwisho akapanga mwanga, magunia yakiwa bado kwenye buti na mimi nimekaa kwenye kiti cha dereva. Alipima urefu wa taa kutoka chini, akaweka alama ukutani sentimita kumi chini ya urefu huo, akawa anazungusha skrubu mpaka mstari ukashuka kwenye alama. Nikaona kama anauangusha sana.

"Itakuwa fupi," nikamwambia.

"Mura, ukimulika nyoka anzia miguuni pako," akasema, akaendelea kuzungusha.

Jioni nilimpa ufunguo. Nilimwambia aende mpaka kwenye mikaratusi, ageuze, aje akiwa dimu, nami nikasimama kando ya barabara, mahali ambapo mtu wa baiskeli angekuwa. Nilisikia mlio kwanza. Kisha mwanga ukatokea, umelala chini, ukaja na mawe na nyasi na mtaro, vyote mahali pake. Ukanifikia kwenye viatu, ukapanda magotini, haukuvuka kiuno. Barabara haikukwisha.

Ila nilijaribu kumwona aliye nyuma ya usukani, sikuweza. Nilijua ni fundi kwa sababu mimi ndiye niliyempa ufunguo.

Habari ya mabinti ilikuwa bado kwenye kompyuta yangu, imekamilika. Nilikuwa nimeficha jina, umri na kijiji, mhariri alikuwa anaisubiri. Kesho yake niliirudisha Mugumu, mchana, nikaomba kumsomea yule binti mbele ya mlezi wake. Alisikiliza mpaka mwisho. Sentensi ya kwanza hakuwa na neno nayo. Alinisimamisha kwenye aya ya nne, pale nilipoutaja mto mdogo aliovuka alfajiri.

"Wanaovuka pale ni watu wa kwetu tu," akasema.

Nilikuwa nimeuweka kwa sababu jina lake lilisikika vizuri. Nikaufuta mbele yake. Nikapitia kwa yule mzee kumpelekea rimu, nikakuta ameshaazima nyingine na hayupo, ameenda mnadani. Nikaiacha kwa wajukuu. Nilifika Tarime usiku, kwa dimu, na hakuna aliyenipigia fulu.