Flava niliikuta Ipyana

Wiki iliyopita hukuniona kijiweni, nilikwenda Ipyana, Kyela, kumwona bibi mzaa mama. Ukitoka Mbeya unapita Tukuyu unatetemeka kwa baridi, halafu basi linateremka, linateremka, mpaka unavua koti mwenyewe. Kyela ni joto, bwana! Nikadandia bodaboda hadi Ipyana, huku mpunga, kule mikokoa.

"Ugonile, bibi," nikajikakamua na Kinyakyusa changu cha kuokoteza.

Bibi akacheka, akahamia Kiswahili. "Mjukuu wangu, mama yako anasema unaandika magazetini. Unaandika nini?"

"Habari za Bongo Flava, bibi."

"Flava ndiyo nini?"

Nikakwama! Neno linanipa ugali na sijawahi kujiuliza. Nikaanza kujieleza. Bongo ni ubongo, jina walilopewa Dar kwa kuwa bila kuchemsha akili huli, baadaye likawa la nchi nzima. Flava ni ya Marekani. Vijana weusi wa kule walichukua neno la Kiingereza la ladha ya chakula, wakaligeuza kuwa mtindo: mtu anavyovaa, anavyotembea, anavyorap. Mwaka 1994 Craig Mack akatoa "Flava in Ya Ear", ladha ikahamia sikioni! Miaka hiyohiyo ya 1990 masela wa Dar wakaidaka, wakaifunga na Bongo. Leo wengine wanaandika Fleva, na hata wimbo wa kubembeleza mpenzi nao ni Fleva.

Bibi hakusema kitu. Akafunua sufuria ya wali, harufu ikajaa nyumba nzima.

"Basi flava ni hii," akasema.

Sikubisha. Neno lenyewe kwa Wafaransa na Waingereza wa kale lilianza na maana ya harufu, ndipo likawa ladha. Bibi amefika kwenye shina bila kamusi!

Nikamsifia: "Dar kila duka lina mchele wa Kyela."

Akaguna. "Kila duka? Sisi tunalima majaruba mangapi hata tuwatosheleze?"

Hapo ndipo wali ulipoanza kunikwama kooni. Maana jina la Kyela nalo limehama kama flava. Sokoni mchele ukinukia tu unabatizwa Kyela, hata kama umetoka mkoa mwingine kabisa. Sisi tulipochukua flava, vijana wa Marekani hawakupungukiwa kitu, bado wanayo. Lakini bibi yangu anainama kwenye tope, jina lake linauzwa na mwingine, yeye haoni hata shilingi.

Asubuhi akanifungia kilo 5. "Wapikie hao wa Bongo, wajue."

Kwa hiyo ndugu yangu, ukiambiwa huu ni Kyela, muulize muuzaji: kijiji gani? Akianza kujiumauma, umeshajua.

Ndaga fijo, bibi. Tukutane wiki ijayo.