Mtera: siku moja juu ya maji, usiku mmoja kando yake

Mtu anayeijua Dodoma kwa vumbi lake, zabibu zake na upepo wake mkavu, ni taabu kumwambia kwamba mwendo wa saa mbili hivi kutoka mjini yapo maji mapana kama ziwa. Sisi wenyewe, marafiki watano tunaoswali msikiti mmoja, tulikuwa tumekaa Dodoma miaka mingi. Kila mmoja wetu alikwisha kupita Mtera ndani ya basi la Iringa, akanunua samaki wa kukaanga dirishani, akaendelea na safari yake. Hapana aliyekuwa ameshuka. Mwezi wa Julai tulikata shauri kushuka.

Mafundisho ya Mtume, rehema na amani zimshukie, yanawataka wasafiri wanapotimia watatu wamteue mmoja wao awe kiongozi. Wenzangu walinichagua mimi. Niliupokea uamiri ule kwa furaha, nikaandika orodha ya mahema, unga, chumvi, sufuria, tochi, dawa za malaria na mikeka ya kuswalia. Nikaazima pia jaketi za kujiokolea. Zilipatikana nne. Nikasema moyoni kuwa nne kwa watu watano si haba.

Tuliondoka baada ya swala ya Alfajiri. Barabara ya kusini hupita Mlowa, Fufu na Chipogolo, katika nchi ya Wagogo yenye mibuyu iliyosimama uchi wakati wa kiangazi na mashamba ya mtama na uwele yaliyokwisha kuvunwa. Kisha ardhi inateremka, na ghafla mbele kunametameta.

Inafaa msomaji ajue kuwa maji haya hayakuwako tangu kale. Mtera ni bwawa lililojengwa katika nusu ya pili ya miaka ya 1970 juu ya mto Ruaha Mkuu, mpakani mwa mikoa ya Dodoma na Iringa. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuyaweka akiba maji ya masika ili mitambo ya Kidatu, iliyo mbali upande wa chini wa mto, isikose maji wakati wa kiangazi. Mwaka 1988 Mtera nayo ikaanza kuzalisha umeme wake, megawati 80. Likijaa, bwawa hutanda juu ya kilomita za mraba zipatazo 660. Mto wenyewe huanzia nyanda za juu kusini, hupita bonde la Usangu na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na hapa Mtera hukutana na maji ya Ruaha Mdogo na ya Kisigo. Wakubwa wetu wanaukumbuka mwaka 2006, maji yalipopungua sana hapa na nchi nzima ikaingia katika mgao mkali wa umeme.

Tulijitambulisha katika ofisi ya kijiji, tukaelekezwa kwa mzee mmoja mvuvi mwenye mitumbwi miwili ya mbao. Alitupokea kwa salamu ya kwao, "Mbukwenyi," kisha akatutazama mmoja mmoja kama mtu anayepima mzigo.

"Wanangu, mnataka kwenda wapi?"

Nikamwonesha kwa kidole miti mikavu iliyosimama majini, mbali na ufuko na mbali zaidi na ukuta wa bwawa. Miti ile ilikuwa msitu kabla ya maji kuja. Maji yalipopanda ilikufa wima, na hadi leo mingi imesimama, myeupe kama mifupa, ndege wakipumzika juu ya matawi yake.

"Kule tutafika," akasema. "Lakini adhuhuri upepo unaamka. Tuwe tumerudi."

Hapo ndipo nilipogawa jaketi. Kwa kuwa zilikuwa nne, niliwageukia wenzangu nikauliza kwa sauti, mbele ya mzee na kijana wake: "Nani kati yetu ni muogeleaji hodari, asiyehitaji jaketi?" Mmoja wetu, mwalimu, mwenye umbo kubwa kuliko sisi sote, akacheka na kusema, "Mimi nipe kasia tu." Nikampa kasia.

Tuliingia majini, watatu katika mtumbwi wa mzee na wawili katika mtumbwi wa kijana wake. Saa ya kwanza ilikuwa neema tupu. Maji yalikuwa shwari, na sauti pekee ilikuwa ya makasia na ya ndege. Mnandi mweusi alizama mbele yetu na kuibukia nyuma. Mzee alitufundisha kuvuta kasia kwa mgongo badala ya mkono, na kukaa chini, mizito katikati. Alitupitisha mbali na kundi la viboko waliokuwa wakikoroma karibu na matete, akasema kuwa kiboko humtisha kuliko mamba, kwa sababu mamba anataka kula, lakini kiboko anataka njia yake tu, na wewe hujui njia yake ni ipi.

Tulikuwa tumeifikia miti mikavu upepo ulipoanza, mapema kuliko alivyotabiri mzee. Haukuwa dhoruba. Yalikuwa mawimbi mafupi yanayogonga ubavu, na maji kidogo yakaanza kuruka ndani, nami nikaanza kuyakumba kwa kopo. Nilipoinua kichwa nilimwona mwalimu. Ameliweka kasia chini, mikono yake miwili imeshika kingo za mtumbwi, na midomo yake inasoma dua. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu.

"Ndugu yangu, vipi?"

Alinyamaza kitambo, kisha akasema kwa sauti ndogo: "Sijui kuogelea. Sijawahi hata kujaribu."

Mzee hakusema neno. Aliusogeza mtumbwi hadi kwenye mti mmoja mkavu, akaufunga kamba kwenye shina, akamwita kijana wake aje upande wa pili. Nikaivua jaketi yangu nikampitishia mwalimu bila yeyote kusimama. Akaivaa, nami mikono ikinitetemeka nilipomkazia vifungo. Ndipo mzee akanigeukia, na maneno yake hayajanitoka hadi leo: "Baba, hapa kujua kuogelea hakumsaidii mtu sana. Mamba anajua zaidi. Watu watano, jaketi tano."

Tulirudi polepole, omo ukiyaelekea mawimbi, na hakuna aliyezungumza hadi mtumbwi ulipokwaruza mchanga.

Ufukweni mzee alitukataza kuchuchumaa majini ili kutia udhu, maana mamba hupenda mtu aliyeinama. Tukatumia maji ya madumu tuliyokuja nayo, kidogo kidogo, kwa kata. Tukaelekea kaskazini, tukikengeuka kidogo mashariki, tukaswali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, kama msafiri alivyoruhusiwa. Katika sijida ile nililia, na sikuwa peke yangu.

Kambi tuliipiga juu, karibu na nyumba ya mzee, mbali na njia za viboko. Mkewe alitupikia ugali wa mtama na mlenda, nasi tukachoma perege juu ya makaa. Usiku wa Julai huko una baridi ya kweli, na tuliuzunguka moto na mablanketi mabegani. Mbali, upande wa ukuta wa bwawa, taa zilikuwa zikiwaka.

Ndipo mwalimu aliposema: "Nisameheni. Niliona aibu. Mtu mzima, mbele ya mzee, niseme siwezi?"

Nikamjibu kwamba anayestahili kuomba msamaha ni mimi. Nilikuwa nimeuliza nani hodari, na swali la namna hiyo humfungia mlango mtu mwenye hofu. Laiti ningemwendea kila mmoja pembeni na kumuuliza, "Wewe maji unayaonaje?" angenijibu kweli. Na laiti ningehesabu watu kabla ya jaketi, swali lenyewe lisingehitajika. Kiongozi wa safari huulizwa juu ya waliomfuata, nami nilikuwa nimejua idadi ya sufuria kuliko nilivyowajua rafiki zangu.

Asubuhi, maji yakiwa kama kioo, tuliingia tena, safari hii wanne kwa zamu, jaketi nne, bila kutoka nje ya ghuba ndogo iliyo mbele ya nyumba ya mzee. Mwalimu aliingia kwa hiari yake katika zamu ya kwanza. Mimi nilibaki ufukweni na vyombo, nikamtazama akivuta kasia kwa mgongo, kama alivyofundishwa.

Ndugu msomaji, Mtera ni karibu na pana uzuri wa kuzidisha imani. Ukienda na jamaa au vijana wa madrasa, tafuta mvuvi mwenyeji na umsikilize. Ingia majini asubuhi, urudi kabla ya upepo. Usioge wala usichote maji ufukweni jioni. Hesabu jaketi kwa vichwa, watoto kwanza, na ikipungua moja, mmoja asubiri nchi kavu. Na kabla hamjaondoka nyumbani, muulize kila mwenzako, faraghani na kwa upole, kile anachokiogopa.