Mabati ya Mkinga

Mwezi wa tisa mjukuu wangu alikuwa safarini kwenda Mbeya, na basi lilipofika Mafinga akanitumia picha kwenye simu. Vilima vimefifia, jua limebaki duara jekundu, na miti inayoonekana ni ile ya kando ya barabara tu. Chini yake kaandika: "Shikamoo bibi, ona ukungu wa kwenu, leo nimevaa sweta."

Sweta sawa. Lakini ukungu wa Mufindi ni wa Juni na Julai, unakuja na manyunyu, na nguo zinalowa hata ukizianika ndani. Mwezi wa tisa, saa nane mchana, ukungu utoke wapi? Ule ulikuwa moshi. Mama yake kijana huyu amezaliwa mwendo mfupi tu kutoka barabara ile, na hakuna aliyewahi kumweleza. Labda mimi ndiye nilipaswa kumweleza, lakini watoto wa Dar es Salaam wakija kwetu huja Desemba, kila kitu kikiwa kijani.

Kwetu mvua zilikoma Aprili, pengine Mei. Kipupwe kikiingia, alfajiri barafu ililala nyeupe mabondeni, na majani ya viazi kwenye vinyungu, zile bustani za bondeni, yaliamka meusi kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto. Barafu hiyo ndiyo iliyokausha nyasi, siyo jua kama wanavyodhani wageni. Agosti baridi ilianza kulegea na upepo wa kusini-mashariki ukakaza. Upepo huo hutoka baharini, hupanda ukingo wa milima upande wa mashamba ya chai na kuacha unyevu wake huko. Ukifika kwetu upande wa Mafinga ni mkavu, unapasua midomo na kuinua vumbi. Mvua hazikurudi hadi Novemba. Miezi yote hiyo nyasi za kufika kifuani zilisimama zikingoja njiti moja.

Na njiti zilikuwa kwa Mkinga.

Alikuwa na jina lake, lakini sisi tulimwita Mkinga tu, maana alitoka Makete kama wenye maduka wengi wa sehemu zetu. Duka lilifunguliwa lini? Nilimwuliza mwanawe, akanionyesha daftari la madeni lenye tarehe ya 1969, ila kurasa za mwanzo zimechanwa. Kaka yangu anaapa kwamba lilikuwepo kabla ya Azimio la Arusha. Haidhuru. Najua lilifungwa kwa muda 1976, maduka ya watu binafsi yalipofungwa, na kwamba lilipofunguliwa tena lilikuwa na harufu ileile: mafuta ya taa, sabuni ya mche, dagaa wa Nyasa, na magunia ya chumvi yaliyovuta unyevu. Mafuta ya taa yalikaa kwenye pipa lenye pampu ya mkono. Aliyapima kwa chupa, akafuta mdomo wa chupa kwa kitambaa, kisha akafutia kitambaa hichohicho kwenye meza. Mkate uliowekwa juu ya meza ile uliliwa ukiwa na ladha ya koroboi, na hatukulalamika.

Paa la baraza yake lilikuwa na mabati mawili yaliyolegea. Fundi alipojitolea kuyapigilia misumari, Mkinga alimkatalia. Ule ulikuwa ndio ubashiri wake. Redio alikuwa nayo, na baada ya taarifa ya habari alisikiliza hali ya hewa kwa heshima zote, akisikia habari za mawimbi ya bahari ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuyaona. Kisha alisikiliza mabati. Yakigonga jioni tu, hakuna neno. Yakianza kugonga kabla ya saa sita mchana, alitoa viberiti rafuni, akavitia kwenye kasha la biskuti na kulisukuma chini ya meza kwa mguu.

Kuanzia hapo mtoto hakuuziwa kiberiti. Mama alinituma na senti mkononi, nikarudi nazo. "Mwambie mama aje mwenyewe," alisema Mkinga, bila kuinua macho. Mtu mzima aliuziwa, lakini kwanza aliulizwa anakokwenda. Mrina asali aliulizwa maswali zaidi. Vijana wawindaji wa panya, wale waliotia moto vichaka ili panya watoke, hawakupata kitu hata wakija na noti. Mama alinung'unika kwamba mfanyabiashara gani huyu anayefukuza fedha, kisha akachukua kigae na kunituma kwa jirani kuomba kaa la moto, nalo nilibeba nimelifunika majivu, jirani akinisindikiza kwa macho hadi mlangoni kwetu.

Woga ule ulikuwa na sababu iliyo wazi: tuliishi chini ya nyasi. Nyumba ya Mkinga, shule na ofisi ya kata ndizo zilizokuwa na bati. Cheche ikiruka bondeni Agosti, kijiji kizima kingeweza kulala nje. Kwa hiyo kilima kimoja kilitengwa kwa nyasi za kuezekea, zikakatwa Juni, zikafungwa mizigo. Zilizobaki zilichomwa mapema, zikiwa bado na ubichi shinani. Balozi wa nyumba kumi alichagua siku, moto ukawashwa alasiri ili umande uuzime usiku, wanaume wakasimama na matawi mabichi, wanawake na ndoo. Moto wa namna hiyo hutembea taratibu, ukiacha mabaka meusi hapa na pale, na moto kichaa wa Septemba ukija hukuta hakuna cha kula. Harufu yake bado naijua: tamu kidogo, ya unyevunyevu, yenye udongo ndani. Ng'ombe waliijua pia, maana wiki chache baadaye majani machanga yalichipua palepale.

Moto wa siku hizi, wa misindano, haunuki hivyo. Unanuka utomvu, unawasha koo, na masalia yake yananuka hata baada ya mvua.

Misindano haikuwa migeni. Majaribio ya miti Sao Hill yalianza 1939, na upandaji mkubwa ukaja miaka ya sabini, hadi shamba lile la serikali likawa kubwa kuliko yote nchini. Lakini lile lilikuwa na njia pana za kuzuia moto, minara ya walinzi na vibarua wa kufyeka. Lilikuwa kule, sisi huku. Bati lilipokuja kwa wingi, miaka ya tisini hivi, tulilifurahia, na nani asingefurahia? Ila bati lilituondolea woga. Nyasi za kuezekea hazikuwa na mkataji tena, zikabaki zimesimama. Wakati huohuo tukaambiwa kuchoma ni kosa, wakati wowote, kwa sababu yoyote, na ule moto mdogo wa Juni ukafa pamoja na wazee walioujua. Moto wa Septemba haukuuliza ruhusa.

Kisha bei ya mbao ikapanda, na kila mtu akapanda. Wenye mashamba wakawa watu wa Dar es Salaam, wa Dodoma, watu wanaolijua shamba lao kwa picha. Miti ikafika hadi kwenye choo cha shule. Sheria ya Misitu ya 2002 inazungumzia moto kwa kirefu, na satelaiti zinauona ukiwa bado mchanga. Kijana wa bodaboda akisikia moto, huenda kuupiga picha. Kilimanjaro ilipoungua Oktoba 2020 nchi nzima ilijua. Mioto ya kwetu huishia kwenye salamu za pole.

Mkinga hakuyaona haya yote. Mwanawe anauza vocha, soda na viberiti vya gesi vyenye rangi tano, vinavyoning'inia mlangoni kwa usawa wa mkono wa mtoto. Mabati ya baraza yamepigiliwa misumari.

Mwaka jana mkutano wa kijiji ulikubaliana kufyeka njia ya kuzuia moto kati ya mashamba ya watu binafsi na nyumba. Mwenye shamba mmoja aliwekwa kwenye spika ya simu. Aliuliza mistari miwili ya miti yake itakayokatwa italipwa na nani. Mwenyekiti akasema watalizungumza baada ya kuvuna njegere. Njegere zimevunwa na kuuzwa, na juzi nimepita pale: pamefyekwa kipande cha mbele ya nyumba ya mwenyekiti.