Vifaranga Hufa kwa Nini?

Mara nyingi twasikia mtu akilalamika: "Jana vifaranga walikuwa 12, leo wamebaki 5, wala sijui sababu." Hapo huanza maneno ya kijicho na uchawi, akatajwa jirani, hasa bibi kizee asiye na mtetezi. Sisi walimu twasema, kabla ya kumtazama jirani, tutazame kinyesi na matandiko.

Kifaranga wa majuma 3 hata 6 akijikunyata, mbawa zimelegea, na kinyesi chake kina damu, huo ni ugonjwa wa kuhara damu. Vijidudu vyake, visivyoonekana kwa macho, hustawi penye matandiko ya majimaji. Wakubwa kwa wadogo wakifa pamoja kwa siku chache, wengine shingo zimepinda, yafaa kudhani mdondo, nao hauna dawa. Kinga yake ni chanjo. Tena baridi huua: kifaranga asiye na mama ataka joto la digrii 32 hata 35 katika juma la kwanza.

Basi tubadili matandiko, tuzike mizoga, tumwite bwana mifugo. Kuku hufugwa tena. Jina la jirani likiisha kuharibiwa, halirudi upesi.