Dumu la wanzuki na watoto nyumbani

Inyonga, makao makuu ya Wilaya ya Mlele, ni nchi ya asali, na penye asali wanzuki haikosi. Kuitengeneza hakuna siri: asali, maji ya uvuguvugu, hamira na dumu la lita 20, kisha kusubiri siku kadhaa. Hamira hula sukari ya asali ikatoa kilevi na gesi, ndiyo maana dumu lililokazwa kifuniko huvimba, hata kupasuka. Dawa yake ni kutoboa kifuniko, kupitisha mpira mwembamba na kuutumbukiza ncha kwenye chupa ya maji. Gesi inatoka, inzi haingii.

Tabu ni mahali dumu linapokaa. Wapo wanaoliweka chumba cha watoto, eti kuna joto. Wanzuki ya siku ya kwanza ni tamu kama juisi, na mtoto aliyeonjeshwa jana na bibi yake hajui kwamba ya leo imeshakuwa pombe. Kilevi hushusha sukari mwilini mwa mtoto mdogo. Hulegea, akasinzia, na mama akadhani ni usingizi tu. Ukimkuta hivyo usimwache alale, mkimbize zahanati. Dumu nalo lihamie stoo yenye kufuli, hata kama wanzuki itachelewa kuiva.