Safari Bila Kituo Kwenda Bara Hindi

Mtu asafiriye mara moja katika maisha yake huihesabu safari kwa maajabu aliyoyaona. Asafiriye kila mwaka huihesabu kwa saa. Katika kundi hili la pili wamo maelfu ya wana wa Bara Hindi wafanyao kazi Marekani na Kanada, ambao kila likizo hupanda ndege Newark, Chicago, Toronto au San Francisco, wasikanyage ardhi tena mpaka Delhi au Mumbai. Iliyo fupi huchukua saa 14 hivi, na iliyo ndefu hukaribia 17. Ukiwasikiliza wakiizungumza safari hiyo utadhani ni wakulima wanaozungumza juu ya mvua.

Wanajua kwamba kiti cha kando ya njia ni bora kuliko cha dirishani, kwani dirishani hapana la kuona ila mawingu na giza, na haja ikikushika huna budi kuwaamsha watu wawili. Wanajua kwamba hewa ya ndani ya ndege ni kavu kama ya jangwani, midomo hupasuka na macho huwasha; tena mwili hujiona kama uko juu ya mlima wa mita 1,800, yaani kimo cha Nairobi, au hata 2,400. Miguu huvimba. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitangaza matokeo ya uchunguzi kwamba hatari ya damu kuganda katika mishipa huongezeka kama mara mbili kwa mtu akaaye kitako safarini kwa saa 4 au zaidi. Hatari yenyewe ni ndogo, kiasi cha mtu mmoja katika 6,000 wenye afya, lakini mzoefu haipuuzi. Kila baada ya saa mbili husimama, akaenda nyuma karibu na jiko, akawakuta wenzake wamesimama pale wakinyoosha magoti. Pale nyuma ndipo baraza ya ndege. Huulizana bei za nyumba, shule za watoto, na kijana wa nani ambaye hajaoa bado. Aliyeagiza chakula maalumu huletewa kwanza, naye Mjaini, ambaye hali nyama wala kitunguu wala kiazi, huwa amekwisha kula wakati jirani yake angali akinusa harufu tu. Saa zilizo ngumu ni baina ya ya 9 na ya 12. Usingizi umekwisha, mazungumzo yamekwisha, na ndege ndogo iliyochorwa katika ramani ya kioo yaonekana imegandishwa mahali pamoja.

Zamani vituo vilikuwa sehemu ya safari. Tarehe 8 Juni, 1948, ndege ya kwanza ya Air-India International iliondoka Bombay kwenda London, ikatua Cairo na Geneva. Mwaka 1950 shirika hilo lilifika Nairobi, na mwaka 1960 likafika New York. Ndege ziwezazo kuruka karibu nusu ya dunia kwa pumzi moja zilikuja baadaye sana. Novemba 2005 Continental Airlines ilianza safari ya moja kwa moja baina ya Newark na Delhi. Desemba 2015 Air India ikaunganisha Delhi na San Francisco. Na Januari 2021 ndege yake ikatoka San Francisco hadi Bengaluru kwa njia ya Ncha ya Kaskazini, ikiongozwa na Kapteni Zoya Agarwal na marubani wenzake, wote wanawake.

Hata hivyo upepo haujaacha kuwa bwana. Manahodha wa pwani ya Afrika ya Mashariki walikwenda Bara Hindi kwa kusi na kurudi kwa kaskazi, na aliyekosa msimu alingoja miezi. Rubani wa leo hangoji, lakini hesabu yake ni ile ile. Oktoba 2016 ndege ya Delhi kwenda San Francisco iliacha njia ya Atlantiki ikashika ya Pasifiki. Njia hiyo ni ndefu zaidi, kilomita zipatazo 15,300, lakini upepo wa juu uvumao kutoka magharibi uliisukuma kwa nyuma, ikafika upesi kuliko ilipopita njia fupi. Nahodha wa Lamu angeielewa hesabu hiyo bila kufafanuliwa.

Mgeni huuliza kwa nini watu wateseke mfululizo, na mara nyingi kwa nauli kubwa zaidi, ilhali wangeweza kushuka Dubai, Doha au Frankfurt wakapumzika. Swali hilo ni la kijana mwenye miguu mizima na ajuaye Kiingereza. Wazoefu wengi huwanunulia tiketi mama zao. Mjane wa miaka 75, wa kijiji cha Gujarat au Andhra, ameitwa California kumlea mjukuu aliyezaliwa. Hajui lugha ila yake. Ukimshusha alfajiri katika kiwanja cha Frankfurt, ukamwambia atafute lango la ndege ya pili, umempoteza. Kwa hiyo mwanawe humwombea kiti cha magurudumu, hata katika ndege isiyo kituo. Ndege za Bara Hindi zina sifa ya kuwa na maombi mengi mno ya viti hivyo, na wako abiria wafanyao dhihaka kwamba wazee hupanda kwa kiti na kushuka kwa miguu, kana kwamba angani hutendeka miujiza. Dhihaka hiyo haina haki. Wengi wa wazee hao miguu yao huweza. Kinachoshindwa ni ulimi. Yule asukumaye kiti ndiye kiongozi wao na mkalimani wao, ajuaye mlango upi ni wa polisi na upi ni wa mizigo.

Iko sababu ya pili, nayo haitajwi wakati wa kununua tiketi za likizo. Desturi ya Wahindu ni kuichoma maiti mapema, mara nyingi katika siku moja, na awashaye moto kwa desturi ni mwana wa kiume, hasa aliye mkubwa. Wakati wa kiangazi, saa 6 mchana ya California ni saa 6 na nusu usiku ya Bara Hindi. Simu ikilia mchana kazini, kule ni usiku wa manane, na jamaa wana swali moja tu: "Tukungoje?" Hapo mtu hufanya hesabu ambayo amekuwa akiifanya kimoyomoyo kwa miaka. Saa ngapi mpaka ndege iondoke, saa 16 angani, saa mbili tatu za foleni na barabara. Kwa ndege isiyo kituo aweza kusema, "Ningojeni," na maiti ikawekwa katika sanduku la barafu mpaka afike. Katika safari ya vituo, ndege ya kwanza ikichelewa ya pili humwacha, na moto ukawashwa na mpwa au binamu. Ndiyo maana mzoefu huijua ratiba ya ndege hiyo kama Mwislamu azijuavyo nyakati za sala.

Lakini mstari huo mnyofu hupita katika anga za watu, na wenye anga hugombana. Waswahili wa zamani waliita ndege pia ile ishara ya heri au shari ambayo msafiri aliitazama kabla ya kutoka. Siku hizi msafiri huitazama katika habari za vita. Urusi ilipoingia Ukraine Februari 2022, anga yake ilifungwa kwa ndege za Marekani, na United Airlines ikasimamisha safari za San Francisco na Delhi, na za Newark na Mumbai. Air India iliendelea kupita, na tarehe 6 Juni, 2023, ndege yake iliyotoka Delhi kwenda San Francisco, yenye abiria zaidi ya 200, ilipata hitilafu ya injini ikatua Magadan, mji wa Mashariki ya Mbali ya Urusi. Abiria wengine walilala juu ya magodoro sakafuni, mpaka ndege nyingine ikawachukua tarehe 8. Aprili 2025, baada ya mauaji ya Pahalgam, Pakistan na Bara Hindi zilifungiana anga. Baadhi ya ndege za Air India za Amerika ya Kaskazini zikawa hutua Vienna kutia mafuta, na Septemba 2025 safari ya Delhi na Washington ikasimamishwa, kufungwa kwa anga ya Pakistan kukitajwa miongoni mwa sababu. Hasara ya ugomvi huo ilihesabiwa kwa mafuta na fedha. Saa alizoongezewa mfiwa hazikuwa na safu yake katika hesabu hiyo.

Delhi ndege nyingi za mbali hutua usiku. Watu husimama kabla taa ya mkanda haijazimwa, ingawa wote wajua kwamba mlango haujafunguliwa. Nje ya mlango viti vya magurudumu vimepangwa mstari mmoja, na wasukumaji wameshika karatasi za majina. Wakati huo wazoefu hugeuka wakatazama nyuma. Wakimwona mtu asiye na mkoba wa juu, aliyevaa nguo za kazini, ambaye sahani yake ilirudishwa mara mbili kama ilivyoletwa, hujibana kandokando ya viti, wakampisha apite mbele, na hapana amwulizaye neno.